Mstari wa Buluu Kuzunguka Kisanduku

3 Februari

Dada yangu,

Pokea salamu zangu, na nusu yake umpe Mama kabla hajaanza kulalamika kwamba nimemsahau. Goti lake linaendeleaje? Na wewe, kile kikohozi kimekuacha? Mimi mwili mzima, chakula kinapita, usingizi unakuja. Kilichoharibika ni nyongo, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu Mama hutega sikio, na mimi hulazimika kusema kila kitu ni kizuri.

Unakumbuka ile programu ya kupokea matangazo ambayo redio yenu imeinunua kwetu? Ile fomu ya kujazia nimepewa mimi. Nilifurahi sana, nikajisemea kwamba dada yangu atakuwa anachapa kila siku ndani ya visanduku nilivyovitengeneza kwa mikono yangu. Sasa sikiliza. Ukibofya kisanduku cha kuandikia, kompyuta yenyewe hukichorea mstari wa buluu kukizunguka. Kazi yake ni kukwambia kwamba hapo ndipo maneno yako yatakapoingia. Mstari huo umekuwepo miaka na miaka, na watu huuona siku ukiondoka.

Mkuu wetu wa usanifu, ambaye chini chini tunamwita Bwana Safi, alikuja juzi kusimama nyuma ya kiti changu. Ananuka peremende ya mnanaa na manukato mazito, na kwa pamoja vinakaba koo. Akagusa skrini yangu kwa kidole, akaacha alama ya mafuta palepale. Akasema, "Hii nini? Mbona kisanduku kina tongotongo?"

Nikamweleza kazi ya mstari. Akasema hataki uchafu kwenye fomu yake. Nikamwambia basi tuubadilishe, tuufanye mwembamba, tuupake rangi yoyote aipendayo, ni kazi ya dakika chache. Akawageukia wenzake akicheka. "Fundi, watu si vipofu bwana. Toa."

Basi nimetoa. Si jambo gumu, unaiambia tu programu kwamba kisanduku kilichobofywa kibaki na sura ileile ya ambacho hakijabofywa. Hata kile kijiti kinachopepesa ndani amenifanya nikipake rangi ya majivu, eti cheusi kinapiga kelele. Fomu imebaki nyeupe tupu. Akaita ofisi nzima ije kuitazama, wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Nisalimie wote.

Mdogo wako

26 Februari

Mdogo wangu, Bwana Visanduku,

Hujambo? Sisi hatujambo. Goti la Mama linakuwa zima siku ya kwenda kwa jirani, linauma siku ya kufua. Kikohozi kimekwisha. Je, unakula? Na usinijibu kwamba chakula kinapita, hata kwenye bomba maji hupita.

Programu yako imefika, na nina ugomvi nayo. Hujawahi kuliona dirisha langu. Ni kioo chenye tundu la kupitishia sauti, na aliyelitoboa alikuwa mrefu, kwa hiyo wafupi wote hunyoosha shingo kunieleza nani amefariki. Mimi huchapa huku nawatazama usoni. Mtu aliyefiwa ukiinamia kibodi au ukikodolea skrini anadhani humsikilizi, anaanza upya tangu siku marehemu alipolazwa. Ile programu ya zamani ilikuwa mbaya kwa sura, kweli, lakini ule mstari wa buluu niliuona kwa pembe ya jicho, nikajua niko wapi bila kumwacha mtu.

Sasa kote ni kweupe. Nabofya, sioni kitu. Nabofya tena kuhakikisha, sioni kitu. Jana nimeandika jina zima la mama wa watu kwenye kisanduku cha namba ya simu. Niliwahi kuliona nikalifuta, lakini kulifuta jina la maiti herufi moja moja mbele ya mwanawe ni jambo linalotia kinyaa, sikutakii.

Meneja ameipenda mno. Anasema tumekuwa wa kisasa. Yeye haandiki humo hata nukta, huitazama akipita kwenda chooni.

Nirudishie mstari wangu. Sitaki kitu kingine kwako mwaka huu, hata kitambaa.

Dada yako

15 Machi

Dada,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi mzima, na nakula, jana nimekula mara mbili, furahi.

Nililipeleka lile ombi kwenye mkutano. Sikusema limetoka kwa dada yangu, nilisema limetoka kwa watumiaji. Bwana Safi alikuwa anajikata kucha. Anazikata mkutanoni, Dada, kwenye meza ambayo baadaye tunawekea mikate, vipande vinaruka kila mahali na hakuna anayesema neno. Akasema, "Watazoea." Nikasema fomu hii inapokea habari za misiba. Akasema, "Watazoea haraka zaidi." Watu wakacheka na mkutano ukaisha.

Usivunjike moyo. Toleo jipya linatoka katikati ya mwaka, nitaupenyeza mstari humo hata kama ni kwa kuuficha kwenye mipangilio, na nitakuelekeza pa kuuwasha. Kwa sasa sitaki kubishana naye sana. Kuna fununu kwamba kitengo chetu kinatafutiwa mkuu, na wameanza kunivika kilemba cha ukoka, mara fundi hodari, mara tegemeo letu. Najua ni maneno matupu, lakini nikikaa kwenye kile kiti nitaweza kurekebisha mengi.

Vumilia kidogo tu.

Mdogo wako

22 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Natumaini u mzima. Mama mzima. Kuhusu mimi, soma.

Jumatatu alikuja dirishani mzee mmoja, fundi seremala mstaafu, mkono wa kushoto umepungukiwa vidole viwili. Amefiwa na mkewe. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mbele tu, mgongoni limejikunja lote, nikajua kwamba pasi ilikuwa mikononi mwa marehemu. Sasa watu waliofiwa huanza kwa kujitaja wenyewe. Ukiwauliza jina la marehemu wanakupa la kwao kwanza, ni hivyo kila siku. Kwa hiyo huwa naruka kisanduku cha marehemu, naandika la mtoa tangazo kwenye cha pili, kisha nabonyeza tena kitufe cha kuruka na kinanirudisha juu. Visanduku vya majina ni viwili tu na kitufe huzunguka kati ya hivyo, cha namba ya simu hukibofya. Nimefanya hivyo miaka yote bila kuondoa macho kwa mtu.

Nikabonyeza nikijua naenda cha pili. Kumbe mteja aliyetangulia aliniacha hukohuko cha pili, kwa hiyo kitufe kikanipeleka cha kwanza. Hakuna kilichobadilika kwenye skrini, hata kivuli. Jina la mzee likaingia kwa marehemu, la mkewe likaingia kwa mtoa tangazo. Programu yenu inaunga sentensi yenyewe na msomaji husoma kilichomfikia. Nilipaswa kusoma upya kabla ya kutuma, na foleni ilikuwa imefika barabarani, sikusoma. Hilo ni langu, nalibeba.

Mchana redio ikatangaza kifo cha mzee. Ikasema tangazo limeletwa na mkewe, mwenye huzuni kubwa. Mke mwenyewe yuko chumba cha maiti.

Watu wakaenda kumlilia, yeye ndiye akawafungulia mlango. Dada yake, mama mtu mzima, alisikia akiwa jikoni kwake ameinua sufuria la maji ya moto. Ameungua miguu yote miwili. Na kuna walioirekodi ile sauti, wanatumiana kwenye simu na kucheka mpaka wanashika mbavu. Nimeisikia kwenye duka la mkate, nikaacha mkate nikatoka.

Mzee alirudi dirishani. Nilijikaza kungoja matusi. Alinyoosha shingo kwenye tundu akasema, "Mwanangu, mke wangu hajasomwa. Naomba asomwe." Nikakimbia kwa meneja. Akasema kusoma upya ni kukiri kosa, tungoje. Tumengoja mpaka yule mama amezikwa bila kutangazwa, na watu wake wa mbali hawajui.

Sasa nimeandikiwa uzembe. Kikao changu ni tarehe ishirini ya mwezi ujao. Meneja amesema wazi kwamba ikithibitika kosa ni la programu, watalisoma tangazo upya na kuomba radhi hewani, na mimi nitabaki. Likiwa langu, naondoka na hawasomi kitu. Kwa hiyo nataka karatasi moja kutoka kwako, ya kampuni yenu, iseme kwamba fomu haimwonyeshi mtu yuko kisanduku gani, na kwamba mstari uliondolewa kwa makusudi. Usinipendelee hata neno. Andika kilichotokea.

Nasubiri.

Dada yako

12 Mei

Dada yangu mpendwa sana,

Hujambo Dada? Habari za siku nyingi? Habari za nyumbani, za majirani, za kule kwa fundi cherehani aliyekuwa mgonjwa, amepata nafuu? Mama anaendeleaje, goti limetulia? Mvua huko zimeanza? Huku zimeanza, zinanyesha asubuhi zinakoma mchana. Mimi mzima kabisa, namshukuru Mungu.

Najua umeshasonya.

Barua ya redio yenu ilifika, wanauliza kama fomu ina hitilafu. Ikaletwa mezani kwangu niijibu, kwa sababu fomu ni yangu. Nilikuwa nimeshaanza kuandika ulivyotaka. Bwana Safi akaja nyuma ya kiti na peremende yake, akasoma, akasema, "Wameuliza kama ina hitilafu. Inayo?" Nikasema mstari haupo. Akasema, "Sijauliza mstari. Fomu inafanya kinyume na tulivyotaka?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi andika hivyo."

Nikaandika kwamba programu inafanya kazi kama ilivyokusudiwa, na kosa ni la aliyekuwa akiitumia. Dada, sehemu ya kwanza si uongo. Sehemu ya pili alinitajia yeye neno kwa neno, lakini vidole vilikuwa vyangu na jina la chini ni langu. Wiki ileile wakanipa ukuu wa kitengo. Nina chumba chenye mlango. Nikiingia chooni pale ofisini sikitazami kioo, maana nitakitemea mate.

Mstari nitaurudisha, nakuapia. Sasa nina uwezo wa kuurudisha. Na ninakuomba jambo moja ambalo naona haya kuliomba, huko kikaoni usiseme sisi ni ndugu. Watadhani tumekula njama na itatuharibia sote wawili.

Nijibu hata kwa matusi.

Mdogo wako

24 Mei

Mdogo wangu,

Mama mzima. Mimi mzima.

Kikao kilikuwa kifupi. Meneja alisoma jibu lako kwa sauti, akarudia sehemu ya mwisho polepole kama anayemfundisha mtoto kusoma. Alipomaliza akaniuliza kama namfahamu aliyeandika. Nikasema simfahamu. Usidhani nilikuwa natimiza ombi lako. Nilikuwa nimetoka kuisikia ile sentensi, na kweli sikumfahamu mtu wa namna hiyo.

Nimekabidhi funguo za dirisha. Tangazo halitasomwa, wamesema suala limefungwa. Nilikwenda mwenyewe kumwambia mzee. Alikuwa anapiga pasi, anaikandamiza kwa ule mkono wa vidole vitatu, amekwishaunguza kola. Nikamweleza, akasema ahsante. Alisema ahsante, unaelewa?

Mama anadhani niko likizo. Usimpigie ukamharibia.

Wasalaam.

2 Agosti

Dada,

Nimekuandikia mara mbili hukujibu, na sikulaumu. Natumaini mko wazima. Sitauliza goti.

Mwezi uliopita Bwana Safi alikwenda kwenye mkusanyiko wa wasanifu wenzake. Amerudi na ugunduzi. Ametukusanya, akawasha skrini kubwa ya ukutani, akatuonyesha fomu yetu, ileile, na kila kisanduku kikibofywa kinazungukwa na mstari wa manjano, mnene. Akasema, "Mtumiaji lazima ajue yuko wapi. Huu ni utu." Akatamka hilo neno utu na peremende ikigonga meno. Ofisi nzima ikapiga makofi. Wale wale, Dada, waliopiga makofi mstari ulipoondoka. Walinigeukia mimi, mkuu wa kitengo, nami nipige. Mikono ikakataa.

Sikusimama kutoa hotuba. Nilikwenda kwenye chumba changu chenye mlango nikaandika kwa meneja wenu, kwenye karatasi ya kampuni, kwa cheo changu na muhuri. Nimesema mstari ulikuwepo, nikataja aliyeamuru uondolewe na mimi niliyeuondoa. Nimesema nilikwisha kuonywa na mtu wa dirishani kabla ya msiba ule na sikufanya kitu. Nimesema jibu langu la mwezi wa tano lilikuwa la uongo. Nimeambatanisha picha za fomu, ya zamani, ile nyeupe na hii ya manjano, anayetaka kuona aone. Na nimesema wewe ni dada yangu, nikaandika kwamba hilo ndilo lililonifanya nikufanyie vibaya kuliko ambavyo ningemfanyia mgeni, maana nilijua utavumilia.

Nakala nikaiweka mezani kwa Bwana Safi. Aliisoma akitafuna. Akasema nimechafua kampuni, nikakusanya vitu vyangu kabla ya chakula cha mchana. Walinisindikiza walinzi wawili, mmoja alikuwa anapiga miayo.

Sijakuandikia ili unipongeze. Ningeandika karatasi hii mwezi wa tano ungekuwa dirishani kwako, na najua hivyo kila ninapoamka. Mwisho wa mwezi narudi nyumbani kwa kuwa sina pengine. Kama hutaki kuniona niambie, nitatafuta pa kulala.

Mdogo wako

21 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu. Mama hajambo, goti linamsumbua kweli safari hii, tunalikanda. Nimemwambia yote, ya kwangu na ya kwako. Akauliza unakuja na basi gani.

Barua yako ilimfikia meneja. Aliniita. Alikuwa ameishika kwa ncha za vidole kama soksi ya mtu mwingine. Kiti changu hakunirudishia, kimekaliwa na binti mpole ambaye hajanikosea. Nilimwona akichapa, mstari wa manjano unaonekana mpaka kwenye foleni. Meneja alichokipenda katika barua yako ni kwamba sasa kosa ni la kampuni yenu, kwa muhuri, na kwa hiyo redio inaweza kuomba radhi bila kujiaibisha. Akataka nimshukuru. Nilimtazama tu mpaka akaanza kupanga karatasi.

Tangazo limesomwa Ijumaa. Nilikwenda kulisikiliza kwa mzee. Alikuwa amevaa shati jeupe, limenyooshwa pande zote mbili. Lilikuja baada ya tangazo la magodoro. Msomaji akaomba radhi kwa usumbufu uliotokana na hitilafu za kiufundi, kwa sauti ileile wanayotumia maji yakikatika, kisha akasoma jina la yule mama, akalisoma haraka, na mzee ametajwa kama mumewe. Halafu muziki wa kucheza. Niliona aibu kukaa pale, nikatamani niichukue ile redio niitupe nje. Mzee aliizima taratibu. Akasema, "Basi. Amesomwa."

Baadaye akaniuliza ilikuwaje hasa, na mimi nimechoka kuficha, nikamwambia kuna mstari ulikuwa unazunguka kisanduku, na ndugu yangu ndiye aliyeutoa. Akafikiri. Akauliza, "Alijua kazi ya huo mstari?"

Nikamwambia ulijua kuliko wote mle ndani.

Akasema, "Basi mwambie aje."

Sijui anataka kukuambia nini, sikumuuliza, na sura yake haikunionyesha. Dada yake anatembea kwa magongo, naye atakuwepo.

Kwa hiyo njoo. Chumba kipo, chakula utakikuta, mlango nitaufungua mimi. Kukusamehe nimejaribu, nafika nusu, kisha naisikia ile sentensi kwa sauti ya meneja na nyongo inanipanda upya. Sitakudanganya kwamba imekwisha. Ukishuka kwenye basi usije nyumbani kwanza. Nitakuwa kituoni, tutakwenda moja kwa moja kwa mzee, na nitakaa kando wakati unazungumza.

Ni mimi dada yako, hilo hakuna wa kulibadilisha.